Sigari za marehemu papa zimekauka, namna gani nizichunge mpaka siku ya harusi?

mwana_kampemba (Lubumbashi), tarehe 12 mwezi wa tano

Jambo yenu bote. Swali yangu ni ya sigari, zile kubwa zenye banavingirisha na mukono, haiko sigareti. Mi mwenyewe sivute hata siku moja, njo maana sijue kintu mu hii mambo na naomba mwenye kujua anifasirie polepole.

Papa yetu alitutoka mwaka jana mu mwezi wa kumi. Mu 2018 alitoka Ubelgiji na boate moja ya sigari za Kuba, Partagas Serie D No. 4, zilikuwa 25, akavuta moja siku ile alifika, akaketi inje pale chini ya mwembe, kisha akafunga boate akasema hizi zingine 24 ni za harusi ya dada yenu wa mwisho, mutu asiguse. Na yeye mwenyewe hakugusa tena. Miaka yote ile boate ilikaa juu ya kabati mu chumba yake, chini ya manjanja (mabati), na ile chumba inapata jua ya mangaribi. Hakuna mwenye alikuwa anafungua.

Sasa dada amepata muchumba, familia zimeisha kuonana, harusi ni mwaka kesho mu mwezi wa munane. Juzi nikashusha boate, nikafungua. Harufu iko bado, nzuri, lakini kidogo sana, sawa kanisa yenye imefungwa siku mingi. Nikafinya moja na vidole viwili ikafanya kelele ya majani makavu, kipande ikabakia mu mukono, nikasikia uchungu, nikaacha kufinya. Nimehesabu: sita zimepasuka jani ya juu, na karibu kumi na moja ziko na kitu nyeupe juu sawa unga.

Jirani ananiambia weka mu frigo pamoja na nusu ya pomme. Baba mudogo anasema pangusa na konyaki, njo vile batajiri banafanyaka. Mwingine anasema funga mu kitambaa ya maji usiku moja. Nilikaribia kufanya ya kitambaa lakini nikasema acha niulize mbele. Kiangazi imeisha kuanza huku, hewa inakauka kila siku, umeme inakuya na kwenda. Nifanye nini? Sitaki kuharibu kitu ya papa.

maji_ya_ziwa (Bukavu), siku ile ile

Pole sana ndugu na kilio ya muzee. Na asante umeuliza mbele ya kufanya ya kitambaa, juu hapo ungelizipoteza zote kwa usiku moja.

Frigo hapana. Frigo inakausha hewa, ni kazi yake, weka karoti wazi ndani siku tatu utaona inakunjamana. Tena sigari inavuta harufu yote, itanukia kitunguu na samaki. Pomme ao kiazi ya kukata, hapana, ile inaleta ukungu. Konyaki hapana kabisa, unabadilisha ladha yenye watu walitengeneza kule Kuba na unailowesha upande moja tu.

Nikufasirie juu ya nini haraka ni mubaya. Sigari iko na majani ya aina tatu: ya ndani yenye inajaza, halafu jani moja yenye inafunga ile ya ndani, halafu jani ya juu kabisa, laini, yenye inapendeza macho. Sigari ikikauka yote inasinyaa. Ukiipa maji mingi mara moja, ile ya ndani inavimba haraka na ile ya juu ni nyembamba na imekazwa, haiwezi kufuata, inapasuka kutoka muguu (kule banawashaka) mpaka kichwa. Mi niliona hiyo na macho yangu, nilikuwa na sigari nane zenye rafiki alinipa zimekauka, nikaweka sponji ya maji ya robine ndani ya boate, siku ya tatu tano zimepasuka na wiki ya pili ukungu wa kijani. Kwa hiyo yako tutairudisha kwa wiki nyingi, si siku.

Lengo ni unyevu wa hewa ya ndani ya boate kati ya asilimia 65 na 70, na joto digri 18 mpaka 21 hivi. Kwa sigari ya Kuba yenye inangoja mwaka mi napenda 65, hata wengine wanashuka 62. Chini ya 60 inaanza kukauka, juu ya 72 unakaribisha ukungu, na hata moto inakufa kila dakika mbili ukivuta.

Unahitaji vitu vitatu tu. Boate ya plastiki ya kufungika kabisa, ile ya kuweka chakula yenye iko na mupira mu mufuniko. Igrometri ndogo ya nimero, ya kupima unyevu. Na kitu ya kutoa na kupokea unyevu, nzuri zaidi ni sashe za Boveda, ziko na maji ya chumvi ndani na ngozi yenye inapitisha mvuke tu, hewa ikikauka zinatoa, hewa ikilowa zinakunywa. Sashe ya gramu 60 inatosha sigari 25. Kama haipatikane Lubumbashi, uliza mutu mwenye anapita Kasumbalesa kwenda Johannesburg, ni kitu nyepesi haijaze valizi.

Na ile boate ya mbao ya muzee usitupe! Unaiweka yote nzima ndani ya ile ya plastiki, mufuniko wazi kidogo. Hivyo sigari zinabakia mu nyumba yao.

Kitu nyeupe tutaongea, lakini mbele nijibu: ni unga wenye unasambaa sawa vumbi, ao ni madoa yenye yana manyoya manyoya?

mwana_kampemba

Asante sana yaya. Nimeangaria na lupe ya papa yenye alikuwa anasomea. Kwa nyingi ni madoa ya duara, nyeupe, na ndiyo kuna manyoya, fupi. Kwa mbili ni sawa vumbi. Rangi ya bleu ao kijani sijaone. Iko juu tu ya jani, haiko kule chini kwenye banawashaka.

maji_ya_ziwa

Basi ile ya manyoya ni ukungu. Kuna watu watakuambia ile nyeupe ni mafuta ya tumbaku yametoka, ni dalili ya sigari kukomaa vizuri. Usijidanganye na hiyo, mara nyingi ni ukungu tu. Labda mvua za kwanza kulilowa mule chumba, ukungu ukaota, kisha kiangazi ikaua ukabakia doa.

Lakini yako si mubaya sana juu iko juu tu. Chukua brosi laini ya rangi, ile ndogo ya mutoto wa masomo, kavu, panguza inje mahali hewa inapita, usipulize na kinywa, funga pua. Ukungu ukionekana kule muguu mu majani ya ndani, ile sigari ni ya kutupa, huwezi kujua imeingia mpaka wapi. Wa kijani na wa nyeusi pia tupa. Boate ya mbao yenyewe ipanguze na kitambaa yenye ina alkoli kidogo ya famasi, iache wazi kivulini siku mbili mpaka harufu ya alkoli inaisha kabisa.

birere_tumbaku (Goma), tarehe 13

Bandugu jambo. Pole kaka.

Mimi naongeza kitu moja yenye hamujaongea: mududu. Boate ilikaa chini ya manjanja ya Lubumbashi miaka saba, mu mwezi wa kenda na wa kumi kule joto inapita 30. Kuna kidudu ndogo ya kahawia, milimita mbili tatu, jina yake ya sayansi ni Lasioderma serricorne, anataga mayai ndani ya tumbaku tangu mu depo, na joto ikipita digri 22, 23 hivi mayai yanaweza kupasuka. Mwenye kukula ni mutoto yake, funza nyeupe, anachimba njia ndani ya sigari. Akikomaa anatoka na kuacha tundu ya mviringo sawa umepiga na sindano ya nguo.

Fanya hivi. Weka karatasi nyeupe mu meza, chukua sigari moja moja, geuza, gonga polepole na kidole juu ya karatasi. Ikianguka unga ya kahawia laini sawa kahawa ya kusaga, na kuna tundu, ile ilikuliwa. Kisha angalia kama tundu ni za zamani ao kuna mududu muzima: acha zile sigari juu ya karatasi mupya mu sashe ya kufunga wiki moja, ukikuta unga mupya, kuna mwenye anaishi.

Hata kama haukuti, mi nakushauri ugandishe zote mbele ya kuanza mambo ya unyevu. Digri 18 ao 20 chini ya sifuri, siku tatu kamili, zaidi haina neno. Funga mu sashe mbili za zipu, toa hewa. Siku moja kwanza mu frigo ya kawaida, kisha siku tatu mu konjelateri, kisha tena siku moja mu frigo, kisha inje. NA USIFUNGUE SASHE mpaka imepata joto ya nyumba, ukifungua ingali baridi maji ya hewa itakaa juu ya jani sawa jasho ya chupa ya bia.

maji_ya_ziwa

Kweli kabisa, nilisahau, asante Goma. Na afanye sasa zingali kavu, maji mingi ndani ya jani wakati wa kuganda njo inapasua.

mwana_kampemba, tarehe 14

Nimefanya ya karatasi. Mbili ziko na tundu, moja tundu tatu, na unga ilianguka. Nilihuzunika sana. Ingine 22 haina tundu.

Shida: konjelateri yetu haiwezi kushika siku tatu, umeme inakatika masaa hata nane. Mama mumoja wa karibu anauzisha samaki, ako na konjelateri mbili na jenereta, hazizime kamwe. Anakubali. Lakini ni samaki!

birere_tumbaku

Bokali! Chukua bokali ya vioo yenye mufuniko ya kuvingirisha na mupira, weka sashe mbili zako ndani ya bokali, funga na skochi. Kioo haipitishe harufu. Plastiki peke yake hapana, siku tatu kando ya samaki utavuta samaki. Hizo mbili zenye tundu usizichanganye na zingine tena, hata konjelateri moja.

fundi_katuba (Lubumbashi), tarehe 15

Ndugu wa Kampemba, pole. Mi ni seremala, Katuba, nilitengeneza kave tatu za sigari (boate za mbao za kuzichungia) kwa wateja, basi naongea ya mbao tu.

Wenzangu wanasema boate ya plastiki na mi sikatae, kwa mwaka moja inatosha na haipotezi hewa. Lakini kama kisha unataka kutengeneza kave ya kweli ya kukumbuka muzee, jua hivi. Mbao yenye Wazungu wanasema ni cèdre ya Espagne haiko cèdre na haitoke Espagne, ni muti wa Amerika, Cedrela odorata, ndugu ya acajou. Wanaipenda juu inavuta unyevu na kurudisha bila kujikunja, na harufu yake inakubaliana na tumbaku. Huku kwetu hatunaye mu marché, lakini libuyu yenye inatoka upande wa Ituri ni familia moja na hiyo, na ikiwa kavu muzuri inafanya kazi. Kavu muzuri! Mi naiacha mu atelie miezi sita hata minane, mbao mubichi ukitengenezea kave wakati wa mvua, mwezi wa saba mufuniko unaachana na boate, kidole inapita.

Ndani usitie verni, usitie rangi, usitie mafuta. Kole inabakia ndani ya viungo tu, panguza yenye imetoka. Tripleksi na MDF ndani hapana, zina kole yenye inanukia mwaka muzima. Eukaliptisi hapana, pine hapana, utomvu wake unaingia mu tumbaku.

Namna ya kujua kama mufuniko unafunga: weka noti ya faranga katikati, funga, vuta. Ikitoka bila kushika, hewa nayo inatoka. Tena ingiza telefone na lampi imewaka ndani, zima taa mu chumba, angalia kama mwangaza unapenya mu pembe. Mteja mumoja alikuwa anajaza maji kila siku ine na analaumu sponji, nikafanya ya telefone, pembe ya nyuma ilikuwa inawaka sawa dirisha.

mwana_kampemba

Papa fundi asante, tutaonana kisha harusi, mi niko serieux.

Ndugu wa Bukavu, dada ya shemeji anatoka Johannesburg kisha wiki mbili, nimemuomba sashe. Namba gani? Na igrometri nimepata mu mji, ya dola tano, lakini nimeweka mbili kando kando pale mu maduka moja inasema 41 ingine 49. Niamini gani?

maji_ya_ziwa, tarehe 17

Hakuna ya kuamini mpaka umeipima na chumvi. Hii kila mutu anaweza kufanya nyumbani. Chukua kifuniko ya chupa ya fanta, jaza chumvi ya mezani, ile ya kawaida, halafu maji tone kwa tone na kijiko mpaka chumvi inalowa sawa muchanga wa kando ya ziwa. Isiyeyuke. Ukiona maji inaelea juu umezidisha, mwaga kidogo ongeza chumvi. Weka kifuniko na igrometri mu sashe ya zipu, visigusane, funga na hewa kiasi ndani, acha siku moja kamili mahali joto haibadilike. Chumvi yenye imelowa hivyo inashika hewa ya mule sashe ku 75, ni fizike tu, haibadilike Bukavu wala Lubumbashi. Igrometri ikisoma 75, iko sawa. Ikisoma 70, kila siku utaongeza tano mu kichwa. Andika ile tofauti na biki nyuma yake, utasahau.

Namba ya sashe (ni asilimia ya unyevu yenye inashika): muombe mbili za 62 na mbili za 65. Tutaanza na 62 wiki tatu hivi, ndipo 65. Ndugu yako akikosa 62, 65 peke yake pia inafaa juu plastiki inapeleka polepole, lakini 72 asilete hata ikiwa ya bure.

Kama sashe hazipatikane kabisa (naandika kwa wengine wenye watasoma): kipande ya musi ile ya kupangia maua, maji distile nusu na propilene glikoli nusu, ile ya famasi. Ule muchanganyiko unashikilia karibu ya 70 na unazuia ukungu juu ya musi. Hapa tafazali musome muzuri: GLIKOLI YA RADIATERI YA GARI NI INGINE, NI SUMU. Na maji ya batri mu garaji mara ingine si maji distile, ni asidi. Nunua yenye imeandikwa, famasini. Maji ya robine ina chokaa na klori, inaziba musi na kuleta ukungu, mi nilikulipia hiyo masomo.

kipushi_2 (Lubumbashi)

Samahani kuingilia, mi napenda sana hii mazungumuzo. Swali: zikifika unyevu sawa, zitarudia vile zilikuwa 2018? Na kweli sigari ya zamani ni nzuri kushinda ya mupya?

maji_ya_ziwa

Swali nzuri. Ulaini utarudi. Lakini yale mafuta yenye yalitoka wakati wa kukauka hayarudi, kwa hiyo harufu na utamu fulani umeenda, tusidanganye ndugu yetu. Zitavutika, zitakuwa za upole.

Kuhusu uzee: sigari mupya iko bado na amonia ya wakati majani ilikuwa inachachishwa, inachoma pua kidogo, na miezi ya kukaa muzuri inaiondoa. Kisha miaka inaondoa ukali, ladha zinashikana. Nguvu inapungua pia, ndiyo maana sigari yenye nguvu kama hiyo ya Serie D inavumilia miaka na ile nyepesi ukiacha kumi unavuta moshi bila kitu. Na yote hiyo inafanyika tu kama unyevu haupandi na kushuka. Kupanda na kushuka njo adui kushinda hata namba yenyewe.

Kampemba, geuza boate ya mbao, angalia chini. Boate ya Kuba iko na muhuri, Hecho en Cuba, na pembeni kuna herufi za usine na mwezi na mwaka, kwa Kispanyoli: ENE ni mwezi wa kwanza, ABR wa ine, AGO wa munane, DIC wa kumi na mbili. Utajua siku ziliingia mu boate.

mwana_kampemba, tarehe 18

NOV 17. Imefifia lakini inasomeka. Dada alipata diploma mwaka ile ile ya 2017. Papa hakutuambia kama alichagua ao ilikuya tu vile. Nimemuonyesha dada, akashika boate mu mikono muda murefu bila kuongea.

birere_tumbaku

Mungu amulaze pema muzee.

Kwa joto nina wasiwasi na mwezi wa kenda na wa kumi wa mwaka huu, harusi haijafika. Huku Goma hatunaye shida hiyo, tuko juu, usiku baridi kila siku, shida yetu ni ukungu tu na unyevu wa ziwa. Wewe tafuta glasyeri, ile boksi ya kubebea vinywaji mu pikniki, weka boate ya plastiki ndani, bila barafu! Ni ya kuzuia joto isipande na kushuka haraka tu. Weka chini sakafuni mu chumba ya katikati ya nyumba, haina manjanja inapigwa na jua, mbali na ukuta wa jikoni.

mwana_kampemba, tarehe 9 mwezi wa sita

Habari ya kwanza. Konjelateri ya mama samaki siku ine, bokali ilifanya kazi, harufu ya samaki hakuna. Brosi ya mutoto, ukungu umetoka, umebakia alama kidogo. Igrometri yangu kwa chumvi ilisoma 71, nimeandika nyuma "ongeza 4". Dada ya shemeji alifika na sashe, 62 mbili, 65 tatu. Leo nimefunga boate. Ndani ya glasyeri, chini ya kitanda yangu, na usiku hizi baridi inakaza kweli.

Swali moja: nazifungua kila siku kuangaria, ni mubaya? Na pete ya karatasi nyekundu nitoe?

maji_ya_ziwa

Kila siku ni mingi sana, kila ukifungua unaingiza hewa kavu ya kiangazi na sashe zinaanza kazi upya. Siku moja ku wiki, dakika moja, hewa ya ndani ibadilike, ndipo pia ubadilishe mahali: za chini kuja juu. Igrometri iweke upande wenye unasomeka bila kufungua, plastiki inaonyesha. Pete acha, utapasua jani ukivuta, inatoka yenyewe wakati wa kuvuta juu ya joto.

mwana_kampemba, tarehe 21 mwezi wa saba

Wiki sita. Inasoma 61, na ine yangu ni 65. Tangu wiki mbili haijasogea, hata na ile baridi ya juma jana. Nilibadilisha kuingia 65 tarehe 30 mwezi wa sita. Hakuna yenye imepasuka mupya hata moja. Nikifinya sasa inakubali kidogo na kurudia, haifanye kelele. Ukungu haujarudi.

Jana baba mudogo alikuya, nikamupa moja yenye ilikuwa imepasuka tangu mwanzo, tuone. Aliketi pale pale chini ya mwembe. Jani ya juu ilifunguka kidogo karibu na pete, akaishikilia na kidole, akavuta karibu saa nzima, moto haikukufa. Nikamuuliza iko namna gani. Akasema haina nguvu sawa ile ya 2018, yeye alikuwako siku ile na papa alimupa avute mara mbili tatu, lakini ni tamu, iko sawa mbao na kahawa. Kisha akaniambia usiongee tena ya konyaki, mi nilikosea.

Zinabakia 21. Tano zenye zimepasuka nimezitenga upande moja na kipande ya karatasi, 16 nzima. Nitarudia kuandika mu mwezi wa kumi joto ikianza. Papa fundi wa Katuba, ile libuyu uianze kukausha.

fundi_katuba

Iko imeisha kukatwa, mbao sita, niliiweka juu ya vijiti mu atelie tangu juma mbili. Ukipata nafasi kuya unipe kipimo ya boate ya muzee, kave itengenezwe iingie yote ndani.